Boston ya Uingereza: maswali ya usalama ninayoulizwa kila wiki

Naishi Boston, kaunti ya Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza. Nilikuja kubeba boksi kama wengine, baadaye nikaingia kazi ya kutunza wazee, na kwa kuwa nilitangulia, namba yangu ya simu imegeuka ofisi. Leo anapiga muuguzi aliyepata nafasi hospitali ya Pilgrim, kesho ni mtu aliyeko Luton anayetaka kuhamia huku kufuata kazi, keshokutwa ni baba mkwe wa mtu, ameona kitu mtandaoni na hajalala. Maswali ni yale yale. Nimeyaandika ili nikiwa zamu ya usiku nimtumie mtu majibu badala ya kumwacha na simu isiyopokelewa.

Nimeandika "Boston" kwenye Google, naona risasi tu. Huko ndiko unakoishi?

Siko huko. Hiyo ni Boston ya Massachusetts, Marekani. Hii yetu ndiyo mama, ile ni mtoto aliyekua akampita mzazi: walowezi waliotoka pande hizi ndio waliolibeba jina mwaka 1630. Ukitafuta habari ongeza neno Lincolnshire kila mara, la sivyo utampandisha mama yako presha bure.

Boston yetu ni mji mdogo wa soko kando ya mto Witham. Sensa ya 2021 ilihesabu watu kama 70,500, tena pamoja na vijiji vya wilaya nzima. Kuna mnara wa kanisa la Mtakatifu Botolph, mita 83 hivi, wenyeji wanauita Stump, yaani kisiki. Nchi ni tambarare kama sinia, kwa hiyo mnara unauona muda mrefu kabla hujauona mji. Kilichobaki ni mashamba: kabichi, koliflawa, viazi, maua.

Kuhusu bunduki, bastola zilipigwa marufuku kwa sheria za 1997, baada ya watoto kuuawa shuleni Dunblane, Uskoti, mwaka uliotangulia. Polisi wa kawaida hatembei na silaha ya moto. Lakini nikuonye: wiki yako ya kwanza utasikia milio alfajiri, miwili mitatu kwa mpigo. Ni mitambo ya gesi ambayo wakulima huitega mashambani ilie kama bunduki ili kufukuza njiwa. Dada mmoja wa Bukavu aliyepanga chumba pembezoni mwa mji aliipokea asubuhi yake ya kwanza akiwa chini ya kitanda. Anasimulia akicheka siku hizi. Siku ile hakucheka.

Kwa nini magazeti yaliuita mji wa mauaji?

Mwanzoni mwa 2016 baadhi ya magazeti ya kitaifa yaliipachika Boston jina la mji unaoongoza kwa mauaji England na Wales. Hesabu yenyewe ilichanganya mauaji na majaribio ya kuua, ikagawa kwa watu wasiofika 70,000, halafu ikauweka mji kwenye jedwali moja na majiji makubwa.

Hebu tuhesabu wenyewe. England na Wales zina watu karibu milioni 60, na kwa miaka mingi ya karibuni wanaouawa wamekuwa kati ya 500 na 700 hivi kwa mwaka. Ni kama mtu mmoja kwa kila watu 100,000. Mji wa watu 70,000 ukienda na wastani huo, kuna mwaka utapita bila mauaji na kuna mwaka utakuwa na moja. Ukija mwaka wenye mawili, tayari mji umeuzidi wastani wa nchi karibu mara tatu, na mhariri amepata kichwa cha habari. Mwaka unaofuata hakuna aliyeuawa, wala hakuna anayeandika. Jiji kubwa haliruki hivyo. Mji mdogo ni kama mzani wa duka la mtaani, ukiweka jiwe moja tu unagonga chini.

Sisemi haya ili kupuuza. Julai 2022 msichana wa miaka tisa alichomwa kisu katikati ya mji, jioni, jua bado liko juu, akafariki. Mji huu ambao majirani wake hupitana bila salamu ulijaa maua, na nilimwona mzee wa Kiingereza, yule ambaye miaka yote hunijibu kwa kunitikisia kichwa tu, amesimama analia. Ukiniuliza mauaji ni mangapi nitakupa hesabu, lakini usidhani kwamba hapa hesabu ndiyo inayokumbukwa.

Nijibu kwa neno moja: ni salama?

Salama.

Mbona ramani ya polisi inaonyesha makosa ya ukatili kwa mamia?

Tovuti ya police.uk inakuonyesha makosa mtaa kwa mtaa, mwezi kwa mwezi. Ni kitu kizuri, ningependa na kwetu kiwepo, ila kina namna yake ya kusomwa.

Kundi la "ukatili na makosa ya ngono" ni gunia kubwa. Ndani yake kuna ubakaji na kumjeruhi mtu vibaya, lakini pia kuna kumsukuma mtu asiumie, kumtishia, kumfuatafuata mpenzi wa zamani. Sehemu kubwa hutokea ndani ya nyumba, baina ya watu wanaojuana. Mpita njia asiyejulikana kumrukia mtu kichochoroni ni kipande kidogo cha gunia hilo.

Halafu zile alama kwenye ramani haziwekwi mlango kosa lilipotokea. Husogezwa hadi sehemu iliyochaguliwa jirani, labda katikati ya mtaa au kwenye maegesho ya magari, ili aliyetendewa asijulikane. Kwa hiyo ukiona maegesho karibu na chumba unachotaka kupanga yana alama kumi na tano, usidhani watu kumi na watano wamepigiwa hapo.

Na ile hesabu ya "makosa kwa kila wakazi 1,000" ndiyo inayowatisha watu kuliko zote. Katikati ya mji wanalala watu wachache, lakini maduka yako pale, baa ziko pale, stendi ya mabasi iko pale, na soko la Jumatano na Jumamosi linaleta vijiji vizima. Mtu akitoka Spalding akaiba vipande vya nyama supamaketi, kosa lake wanagawiwa wale wachache wanaoishi juu ya maduka.

Mimi naiacha jumla. Naangalia mtaa wenyewe, miezi kumi na miwili, makundi mawili tu: kuvunja nyumba na uporaji. Nikiona nyumba zimevunjwa mara moja mbili kwa mwaka mzima, napanga. Pia nakumbuka kwamba ramani haina asiyeripoti. Kibarua wa shambani aliyenyang'anywa mshahara wake na mtu wanayeishi naye nyumba moja hapigi polisi, na mtaa wake unaonekana mweupe pe.

Mitaa gani niikwepe?

Watu wanataka orodha ya majina. Sitaitoa, kwa sababu mitaa ile ile ndiyo wanayoishi wenzetu wanaoamka saa kumi alfajiri kwenda kufungasha mboga, na wana haki ya kuishi bila kuitwa wahuni.

Nitakupa saa badala ya majina. Uwanja wa soko na West Street, Ijumaa na Jumamosi, kuanzia saa nne usiku hadi baa zinapofunga: walevi. Kelele, chupa, kugombania teksi, mara chache ngumi. Wanapigana wao kwa wao. Ukipita upande wa pili wa barabara bila kuwakodolea macho, umepita. Mchana kuna vikundi vinavyokunywa kwenye mabenchi na kando ya mto, ingawa tangu 2015 kuna amri ya halmashauri inayokataza kunywa pombe hadharani katikati ya mji. Hao mara nyingi wanahitaji daktari kuliko polisi.

Kitu kimoja zaidi. Kuna maduka madogo yanayouza sigara za bei ya kutupa kutoka chini ya kaunta, na halmashauri imekuwa ikiyafungisha kwa amri ya mahakama, miezi mitatu mitatu. Usinunue, na pombe ndiyo usiiguse kabisa. Julai 2011 wanaume watano walikufa mjini hapa ghala lilipolipuka, walikuwa wakipika vodka ya magendo. Gongo ni gongo hata ikitiwa chupa yenye lebo.

Mbona mtaa uko kimya hivi? Watu wamekimbia nini?

Hili huniuliza karibu kila mgeni, na ndilo linalonifundisha jinsi tunavyobeba hofu za nyumbani kwenye begi.

Desemba huku jua linazama kabla ya saa kumi jioni. Maduka yanafunga saa kumi na moja na nusu. Saa kumi na mbili mji umekwisha. Nilikwenda kumpokea dada mmoja kutoka Morogoro, tukashuka basi tukaanza kutembea, na baada ya dakika mbili akanishika mkono, ananong'ona: "Kaka, kumetokea nini?" Hakujatokea kitu. Taa za barabarani zinawaka rangi ya chungwa, mapazia yamefungwa, moshi wa chakula unatoka, paka yuko juu ya pipa la taka. Kwetu mtaa ukiwa mtupu jioni, watu wamejua jambo usilolijua. Panapokuwa na muuza chipsi, bodaboda na akina mama wa mihogo, ndipo penye usalama, kwa sababu ukipiga kelele moja vibaka wanakiona cha moto. Huku ni kinyume. Mtaa mtupu ni mtaa wa watu wanaokula. Penye kundi limesimama nje usiku ndipo pa kufikiria mara mbili.

Ilimchukua yule dada mpaka Machi kuacha kunipigia simu akiwa njiani kutoka kazini, ili tu asikie sauti.

Nyumba haina ukuta, haina geti, haina nondo madirishani, hakuna mlinzi. Mwizi anazuiwa na nini?

Na mlango, kama umeufunga. Nasema hivi kwa uchungu. Milango mingi huku ni ya plastiki nyeupe, ukiivuta inajibana yenyewe, mgeni anadhani imefungwa. Haijafungwa. Lazima unyanyue kitasa juu mpaka usikie vyuma vikiingia, halafu uzungushe ufunguo. Ukiishia kwenye kitasa, mtu wa nje anaweza kukishusha akaingia. Mwenzangu wa chumba aliliwa kompyuta hivyo hivyo, saa nne asubuhi, sisi tumelala baada ya zamu ya usiku. Polisi hawakukuta hata mkwaruzo.

Wezi wa huku wanapenda mlango wa nyuma, banda la bustani lenye baiskeli, funguo za gari zilizoning'inizwa karibu na mlango, na vifurushi vilivyoachwa barazani. Baiskeli ndiyo usafiri wetu wengi, kwa hiyo nunua kufuli la chuma lenye umbo la U, lile la waya hukatwa kwa mkasi. Funga fremu, si gurudumu peke yake.

Nyumba za kuchangia, watu sita jiko moja, zina mwizi wa aina yake: yule anayeishi humo. Dai chumba chenye kufuli. Usiweke mshahara wa taslimu chini ya godoro, godoro ndipo wanapoanzia.

Basi watu wetu wanaibiwa nini hasa?

Wanaibiwa kwa simu, na mara nyingi na mtu anayeongea Kiswahili.

Utafiti mkubwa wa kitaifa unaowauliza watu wenyewe walichotendewa unaonyesha utapeli ni karibu asilimia 40 ya uhalifu wote England na Wales. Wizi wa kawaida na ukatili umepungua sana tangu katikati ya miaka ya 1990, wezi wamehamia kwenye simu. Sisi wageni ni mawindo rahisi kuliko wenyeji, maana tuna haraka, tuna hofu ya karatasi, na tunamwamini mtu wa kwetu.

Wa kwanza ni muuza cheti cha udhamini, ile karatasi ya mwajiri unayoombea visa ya kazi. Milango ya visa ya kazi ya kutunza wazee ilifunguliwa Februari 2022, na tangu tarehe 22 Julai 2025 waajiri hawaruhusiwi tena kuajiri watunzaji wapya kutoka nje ya nchi. Kwa hiyo mtu aliyeko Dar anayekuuzia leo kazi ya kulea wazee Boston anakuuzia upepo. Hata zamani kile cheti hakikuwa bidhaa. Wakala wa ajira Uingereza haruhusiwi kisheria kumtoza mtafuta kazi ada ya kumtafutia kazi. Najua familia iliyouza kiwanja Kibaha kwa ajili ya karatasi iliyokuwa na nembo nzuri kuliko ya serikali.

Wa pili ni mwenye nyumba wa mtandaoni. Kaka mmoja wa Mombasa alitumiwa picha za chumba kizuri, karibu na hospitali, akaambiwa wanaogombea ni wengi, atume pauni 600 leo leo. Akatuma. Alifika na mabegi mawili, akagonga, akafunguliwa na bibi wa Kiingereza aliyepakata paka. Nyumba ilikuwa ya kweli na picha zilikuwa za kweli, zilitolewa kwenye tangazo la zamani la kuuza nyumba. Bibi alimpa chai, kisha akanipigia simu mimi. Usilipe kabla wewe au mtu wako hajasimama ndani ya hicho chumba. Ukipanga kwa mkataba wa kawaida, dhamana haizidi kodi ya wiki tano, na mwenye nyumba ana siku 30 za kuiweka kwenye mpango rasmi wa kuilinda.

Wa tatu ni "afisa uhamiaji" anayepiga simu kwamba visa yako ina tatizo, lipa faini sasa hivi. Uhamiaji hawadai pesa kwa simu. Kata. Ukiwa na wasiwasi na benki yako piga 159, utaunganishwa na benki yenyewe kama ni mojawapo ya zile zilizo kwenye mpango huo, na kubwa karibu zote zimo.

Wa nne ndiye anayeniuma, kwa sababu anamgeuza mtu wetu kuwa mhalifu. Anakuja kijana mwenye heshima: "Shikamoo dada, akaunti yangu ina shida, naomba pesa yangu ipitie kwako, utabaki na pauni 200." Ukikubali, umeosha pesa chafu. Kifungo cha juu kabisa ni miaka 14. Hata usipofikishwa mahakamani, benki itakufungia akaunti na jina lako linaweza kubaki na doa miaka sita, bila mkopo, bila mkataba wa simu, na mshahara usijue pa kuingilia. Akaunti haikopeshwi. Hata kwa mtoto wa mjomba.

Bosi amechukua pasipoti yangu "aitunze". Ni kawaida?

Si kawaida. Omba urudishiwe leo. Akikataa, au akikukata mshahara kwa deni usilolielewa, au akikukataza kutoka, hiyo ina jina katika sheria ya 2015 ya utumwa wa kisasa. Simu ya msaada ni 08000 121 700, bila malipo.

Mashamba na viwanda vya chakula vya hapa hutegemea mawakala wa vibarua, na wakala wa aina hiyo lazima awe na leseni. Sheria ya leseni ilitungwa 2004, mwaka ule vibarua 23 wa Kichina walipokufa maji wakiokota kome ghuba ya Morecambe usiku. Daftari la wenye leseni liko wazi mtandaoni. Tafuta jina la wakala wako kabla ya kupanda basi lake dogo jeupe.

Na ubaguzi?

Upo. Juni 2016 Boston ilipiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya kwa asilimia 75.6, ya juu kuliko pengine popote nchini. Hasira nyingi zilielekezwa kwa Wapoland, Walithuania na Walatvia waliokuja kufanya kazi mashambani baada ya 2004. Sisi tulikuwa wachache mno kuchukiwa rasmi. Wengi waliopiga kura ile ndio tunaowaogesha na kuwalisha uji, na wanatushika mkono wakiogopa usiku. Sijui niliweke wapi hilo, nalitaja tu.

Kinachotokea kwa kawaida ni neno kutoka dirisha la gari linalopita, au mzee kwenye basi anayehamisha mkoba wake. Neno la gari unaweza kuliripoti kama kosa la chuki kwa 101, simu ya polisi isiyo ya dharura, au mtandaoni, na ukiwa na namba ya gari wanafuatilia. Mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti 2024, baada ya watoto watatu kuuawa mji wa Southport na uongo kusambaa kuhusu muuaji, fujo zilizuka miji kama Rotherham, Hull, Middlesbrough na Hartlepool. Wiki ile tulisindikizana kwenda zamu, wawili wawili, na msimamizi wetu, Mwingereza, alitupitia kwa gari lake. Usiku kazini tulikuwa tunasoma simu kuliko kunywa chai.

Naweza kubeba kisu kidogo, au ile pilipili ya kupuliza, kwa kujilinda?

Hapana na hapana. Kisu mfukoni barabarani ni kosa. Kinachoruhusiwa bila sababu maalumu ni kile kidogo cha kukunja, kisichojifunga, chenye ubapa usiozidi inchi tatu. "Najilinda" ukimwambia polisi si sababu, ni kukiri. Pilipili ya kupuliza sheria ya huku inaihesabu pamoja na silaha za moto.

Panga lataka maelezo yake. Kwetu ni jembe la pili. Umenunua la kukatia majani nyuma ya nyumba, ukalisahau kwenye buti ya gari, polisi akakusimamisha kwa taa mbovu: sasa una kesi ya kueleza. Likitoka dukani, kwenye karatasi yake na risiti, liende moja kwa moja bandani likae huko.

Napiga namba gani?

999 kwa hatari inayotokea sasa, bila malipo. 101 kwa jambo lililokwisha kutokea, nayo bure. Ukitaja neno "Swahili" wanaweza kukutafutia mkalimani wa simu, lakini anza na anuani, hata kwa Kiingereza cha kuokoteza.

Kama huwezi kuongea kwa sababu anayekutisha yuko chumbani, piga 999 kwa simu ya mkononi, kohoa au gonga simu, na ukisikia maelekezo bonyeza 55. Utaunganishwa na polisi. Kubonyeza 55 peke yake hakuwaambii uko wapi, jibu maswali yao kwa kugonga. Wafundishe hili wadada wote.

Usitarajie polisi afike haraka kwa baiskeli iliyoibwa. Kikosi cha Lincolnshire ni miongoni mwa vinavyopata fedha kidogo zaidi kwa kila mkazi, na eneo lake ni pana, vijiji vimetawanyika. Utapewa namba ya kosa kwa ajili ya bima, na huenda ukaishia hapo.

Polisi "wanaongeleka"?

Usijaribu. Hata kwa utani.

Watoto wanaweza kutembea wenyewe kwenda shule?

Wakubwa wa sekondari wanatembea. Wadogo wazazi huwasindikiza. Mimi hofu yangu si watu, ni maji. Eneo lote hili lilikuwa kinamasi, likakaushwa kwa mifereji mikubwa, na mfereji unaweza kupita mbele ya nyumba bila ukuta wala uzio, kingo za matope zinazoteleza. Mto nao hupanda na kushuka na bahari. Desemba 5, 2013 bahari ilipanda usiku mmoja ikaingia mamia ya nyumba mjini. Mtoto akifika huku, mwonyeshe mfereji kabla hujamwonyesha uwanja wa mpira.

Kuna kitu hujaulizwa ambacho tungepaswa kuuliza?

Barabara. Uingereza hufa watu zaidi ya 1,600 kwa mwaka barabarani, zaidi ya mara mbili ya wanaouawa. Barabara za huku ni nyembamba, zimenyooka kama rula, halafu ghafla kona ya digrii tisini kwa sababu inafuata ukingo wa shamba la zamani. Kila upande kuna mfereji. Ukungu ukishuka Novemba huoni bonati yako. Unatoka zamu ya saa kumi na mbili na macho mazito, trekta imeacha tope barabarani. Nimeona gari la mtu ninayemjua likitolewa majini asubuhi kwa winchi, taa bado zinawaka. Alitoka kwa dirishani.

Leseni ya Kenya au Tanzania unaitumia miezi 12 tangu uanze kuishi hapa, basi. Ukipitisha, bima nayo inaweza isikutambue: faini ya pauni 300, pointi sita za adhabu kwenye leseni, na gari linaburutwa mbele ya macho yako. Watu wetu niliowaona wakisimamishwa na polisi hapa Boston, karibu wote ni kwa hili.

Nafika usiku kwa treni. Nifanyeje?

Kutoka London utabadilisha Grantham, halafu karibu saa moja ya giza tupu, mashamba tu, usiogope. Stesheni ya Boston ni ndogo, usiku haina mtu. Panda teksi yenye kibao cha halmashauri nyuma, au ile uliyoagiza kwa simu mwenyewe. Anayekufuata akisema "teksi, teksi" bila kuagizwa, mkatalie. Kabla gari halijaondoka nitumie namba yake. Mimi huenda niko zamu, lakini ufunguo nimemwachia Mama Asha jirani, taa ya jikoni kwake huwaka mpaka saa sita. Na mlango ukishaingia, nyanyua kitasa kwanza, ndipo uzungushe.